Shamari ya Bi Mboza

Harufu ikijaa nyumba, chunguni hamna dawa. Mmeusikia msemo huu leo, vijana, na mmeuliza ulikotoka. Mmefanya vema, maana neno lisilojulikana asili yake halifai kutamkwa ovyo. Huu ulizaliwa hivi.

Katika kijiji kimoja cha Bonde, desturi ilitaka nyumba ya mzazi inukie. Mama mkwe alichemsha mbegu za shamari, dawa ya kuleta maziwa, katika chungu kilicho wazi, ili wapita njia wajue kwamba mkamwana wake anatunzwa. Perpetua, mkamwana wa Bi Mboza, alipojifungua, homa ilimkausha maziwa. Mtoto alipofikia siku tisa hakuweza hata kulia. Alinung'unika tu kama kifaranga. Bi Mboza akachemsha shamari tangu alfajiri mpaka adhuhuri, akamnywesha mzazi. Harufu ilifika kisimani, majirani wakamsifu. Maziwa hayakutoka.

Siku ya tatu ya kuchemsha akaitwa mkunga, Bi Mashavu. Aliionja ile dawa, akaitua.

"Dada, haya ni maji ya moto."

"Maji? Na watu wanainusa toka kisimani?"

"Basi wao ndio wanaoinywa. Perpetua unampa masalio."

Mkunga akazitwanga mbegu kidogo, kiasi cha kupasuka tu, akazitia katika maji yanayochemka, akafunika chungu na kuanza kuziba ukingo kwa unga uliokandwa. Bi Mboza akaushika mkono wake, akalalamika kwamba majirani watasema amemtupa mkamwana.

"Chagua, dada. Pua zao, au mjukuu wako."

Bi Mboza akamtazama mtoto, akauachilia mkono.

Chungu kilipopoa, mkunga alikigeuza kifuniko kwenye mwanga. Matone yalikuwa yametanda ndani yake, na juu ya matone utando mwembamba wa mafuta uling'aa. Mbegu kavu, nyepesi kama kapi, na Muumba ameifungia ndani yake mafuta yanayokimbilia hewani mara tu yapatapo moto na njia! Bi Mashavu akayakung'uta matone yote yarudi chunguni, kisha akamnywesha Perpetua.

Nyumba haikunukia siku ile, wala ya pili yake. Siku ya tatu jirani mmoja akasimama mlangoni, akauliza kwa kejeli kama mzazi amerudishwa kwao. Bi Mboza alimwashiria anyamaze. Chumbani mtoto alikuwa akimeza, funda baada ya funda, na sauti ile ilisikika mpaka uani.

Ndipo akamjibu, taratibu: "Harufu ikijaa nyumba, chunguni hamna dawa."