Matanga ya Mtaa wa Kitopeni

Paukwa!

— Pakawa!

Nani analala kwake leo?

— Sisi!

Na kesho?

Mnaona? Kimya. Nilijua mtanyamaza. Haya sogeeni, na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole nisikike.

Hapo kale, na kale yenyewe si ya mbali, palikuwa na mji wa wanyama, na ndani ya mji huo palikuwa na mtaa ukiitwa Kitopeni. Wakubwa walikaa mlimani, wadogo walikaa Kitopeni, bondeni, kando ya kijito, penye udongo laini kama uji. Nyumba zilibanana hata mmoja akipiga chafya, jirani wa tatu anamwitikia, "Afya!"

Huko aliishi Bi Kuchakuro. Mnyama mdogo, mkia mkubwa kuliko mwili, na kazi yake ni kuchakura ardhi: chaku chaku chaku. Alikuwa na shimo lenye milango mitatu. Mama yake alilichimba kwa kucha zake mwenyewe, akafia humo humo, na vitovu vya watoto wa Kuchakuro vilizikwa kwenye mlango wa nyuma. Hakuwa na kitu kingine duniani. Nawaambia mapema, msije mkasema sikuwaambia.

Sasa huko mlimani alikaa Bwana Kiboko, tumbo linafika, mwenyewe yuko nyuma. Jua la mlimani lilimkausha ngozi. Siku moja akatazama bondeni, akaona lile tope la Kitopeni, mate yakamdondoka: to! to! to! Akatamani mtaa wote ufukuliwe, uwe dimbwi lake la kulala. Lakini Kiboko si mjinga, jamani. Alijua akisema "ondokeni" watamzomea na kumng'ata miguu. Kwa hiyo hakusema ondokeni. Alisema karibuni.

Akamtuma Korongo. Korongo ana miguu mirefu, shingo ndefu na maneno marefu. Akasimama katikati ya mtaa, akagonga mdomo: ko-ko-ko-ko!

"Ndugu zangu wa Kitopeni! Mnaalikwa kwenye warsha shirikishi ya kuhuisha mtaa wenu. Maoni yenu ni muhimu. Chai ipo, maandazi yapo."

"Yana hiliki?" akauliza Chura.

"Yana hiliki."

Mtaa mzima ukaenda. Msiwacheke, na ninyi mngekwenda.

Korongo akatandaza udongo mbichi juu ya ubao mpana. "Huu ndio mtaa wenu," akasema. "Kila mmoja aufinyange anavyotaka uwe. Hapa hakuna wazo baya."

Kanga, shoga yake Kuchakuro, akafinyanga uwanja wa vifaranga. "Wazo zuri sana!" akasema Korongo, ko-ko-ko. Chura akafinyanga mtaro wa maji machafu, mpana, usiozibika wakati wa masika. "Wazo zuri sana!" Kuchakuro akafinyanga shimo lake kwa ncha ya ukucha, milango yote mitatu. "Wazo zuri mno, Mama!" Kuchakuro moyo ukamjaa. Akarudi nyumbani akawaambia wanawe, "Wanangu, leo wametuona."

Jioni Kiboko akaja kukagua. Di! Di! Di!

"Hongereni sana," akasema. "Nimechoka kidogo, wacha niketi." Akaukalia ubao. Pwaa!

Asubuhi wakakuta ubao una shimo la makalio.

"Nini hiki?" akauliza Kuchakuro.

"Mheshimiwa ameboresha," akasema Korongo. "Tuendelee."

Wakafinyanga tena. Wazo zuri sana, wazo zuri sana, chai, andazi. Jioni Kiboko akaja, di, di, di, akaketi, pwaa! Ameboresha. Wakafinyanga tena, akaja tena, akaketi tena. Ikawa ndiyo kazi yao: wao wanafinyanga, yeye anaboresha.

Siku ya mwisho Korongo akaufunika ubao kwa kitambaa, akawapanga watu wote mbele, akakifunua. Watu wakapiga makofi, maana walikwisha kuzoea kupiga makofi. Halafu ndipo wakatazama. Ubao mzima ulikuwa dimbwi moja, lenye umbo la Kiboko aliyelala ubavu, hata masikio yalionekana.

"Haya ndiyo maoni yenu," akasema Korongo.

"Uwanja wa vifaranga uko wapi?" akauliza Kanga.

"Umejumuishwa."

"Na mtaro wangu?"

"Umejumuishwa."

"Na shimo langu?" akauliza Kuchakuro. "Milango mitatu?"

Korongo akainama, akadonoa mahali fulani chini ya tumbo. "Limejumuishwa, Mama. Kesho majembe yanaingia."

Kuchakuro hasira zilimpanda. Alitamani kuung'ata mguu wa Korongo, lakini mguu wenyewe mfupa mtupu. Akainua mkono kwa adabu.

"Samahani, Mwalimu, mimi sikusoma. Hiyo kuhuisha maana yake nini?"

"Kukirudishia kitu uhai, Mama."

"Kitu kilicho hai?"

"La. Kilichokufa."

"Alaa! Kwa hiyo Kitopeni imekufa?"

Korongo akacheka kwa huruma. "Imekufa, Mama. Tazama mitaro, tazama kuta. Ndiyo maana tuko hapa."

"Na Bwana Kiboko naye anasema imekufa?"

"Imekufa na kuoza!" akanguruma Kiboko, andazi mdomoni.

Kuchakuro akajibwaga chini, bu! "Uwiii! Uwiii! Jamani njooni! Kitopeni imetutoka!" Akamfinya Kanga ubavuni. Kanga akapiga yowe. Vifaranga wakasikia mama yao analia, nao wakalia. Chura akaitikia kwa lile koo lake. Kilio kikapanda mpaka mlimani, wakubwa wakafungua madirisha.

Sasa msiba ni msiba. Katika mji ule, pakiwa na maiti, hakuna jembe linalopigwa ila la kaburi, mpaka tanga lianuliwe. Hata Simba alimzika babu yake hivyo. Kuchakuro akajifuta machozi, akauliza kwa sauti ya chini, "Na mrithi ni nani?"

Kiboko kusikia urithi, masikio yakamsimama. "Mrithi ni mimi!"

"Umesema mwenyewe? Mbele ya mji?"

"Nimesema! Kitopeni yote ni yangu!"

"Basi pole sana, mfiwa," akasema Kuchakuro, akamtandikia mkeka pale pale juani. "Keti. Mila unaijua. Mfiwa mkuu huwalisha waombolezaji. Mfiwa mkuu haogi. Na akiondoka matangani kabla tanga halijaanuliwa, ameukana urithi."

Kiboko akamtazama Korongo. Korongo akatazama vidole vyake. "Ndiyo mila, Mheshimiwa."

"Na tanga litaanuliwa lini?"

"Hilo tutaamua pamoja," akasema Kuchakuro. "Kwa njia shirikishi."

Enhe! Basi magunia ya mtama yakashuka kutoka mlimani, vyungu vikainjikwa, toko toko toko. Wana Kitopeni wakala kama hawajawahi kula, na kweli hawakuwahi. Kiboko kakaa mkekani, jua linamwakia, ngozi inalia: ta! ta! ta!

"Jamani," akasema asubuhi, "tanga lianuliwe leo?"

"Wazo zuri sana!" akasema Kuchakuro. "Shoga Kanga, unaonaje?"

"Mimi naona kesho."

"Chura?"

"Tuunde vikundi."

Vikundi vikaundwa. Vikundi vikala. Vikundi vikarudi na mrejesho kwamba jambo hili ni zito, lijadiliwe zaidi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho yake tena.

"Na mimi?" akalia Kiboko, sauti imekauka. "Maoni yangu mimi?"

"Yamejumuishwa, Bwana."

Mchana mmoja, ngozi ilipompasuka mgongo mzima, Kiboko akasimama. "Chukueni mzoga wenu!" Akatoka mbio, gubu gubu gubu, mpaka mto mkubwa, chubwi! Mrithi kaukana urithi, mji mzima umeona.

Vigelegele! Kuchakuro alicheza mpaka mkia ukamuuma. Na kama ningekuwa msimulizi mwema ningenyamaza hapa, mkalale mnacheka. Lakini mimi si mwema, na hadithi haijaisha.

Asubuhi Kuchakuro akashika jembe. "Haya, majirani, matanga yamekwisha. Tuzibue mtaro, mvua hizo zinakuja."

Hakuna aliyeinuka.

"Mtaro wa nani, shoga?" akauliza Kanga, akijipangusa mdomo.

"Wetu. Wa mtaa."

"Mtaa si umekufa?"

"Shoga! Ule ulikuwa ujanja wangu! Si mimi niliyekufinya ndiyo ukalia?"

"Siku ya kwanza ulinifinya," akasema Kanga. "Siku zile nyingine nililia mwenyewe."

Chura akasema kwa niaba ya wote: "Tumelia, tumekula, tumeanua tanga. Sasa hugawanywa urithi. Mrithi aliyejitangaza kaukana. Tumebaki sisi."

Kuchakuro akawashika miguu. Aliwaambia mtaa u hai, tazameni moshi jikoni, tazameni watoto, nani alimwona maiti? Wakamwonea huruma. Wakamwambia, "Pole, dada. Uchungu haujakutoka." Halafu wakavuta kamba za mipaka, kila mtu na kipande chake.

Ikawa huku kwangu, huku kwako, usikanyage, utaona. Uwanja wa vifaranga ukakatwa vipande, hata kifaranga hakupata pa kugeukia. Walioitikiana chafya wakawa hawaitikiani salamu. Mtaro ulipita kwa kila mtu, kwa hiyo haukuwa wa mtu, na hakuna aliyeuzibua. Kuchakuro alichakura peke yake, chaku chaku chaku, akichimba upande huu upande ule unajaa. Masika yakaja. Maji yakakosa njia, kuta zikalainika, zikaanza kulala moja moja.

Ndipo Kanga akakumbuka mtama. Akapanda mlimani kwenye ghala la Kiboko, akatoa kipande chake cha urithi, akarudi na gunia. Alipoulizwa alisema, "Nimebadilisha cha marehemu. Marehemu hali." Jirani akaona, naye akapanda. Na mwingine.

Kiboko akarudi, ngozi imepona. Safari hii hakumtuma Korongo. Hapakuwa na chai, hapakuwa na andazi, na wala hakuulizwa anakwenda wapi, kwa sababu alikuwa anakwenda kwake. Akashuka taratibu, di, di, di, akajilaza pale palipokuwa na uwanja wa vifaranga, na tope likampokea. Chura na Kuchakuro peke yao walikataa kubadilisha. Chura alisema maji ni maji, kwake ni neema. Kiboko alipogeuka usingizini, pwaa! Chura naye akajumuishwa.

Kila Kiboko alipopumua, maji yalipanda. Yakaingia mlango wa mbele wa Kuchakuro, akahamia mlango wa kati. Yakaingia wa kati, akawabeba watoto mmoja mmoja kwa mdomo mpaka kwenye mteremko, akawaficha majanini. Halafu akarudi mlango wa nyuma. Akachakura. Alitaka vile vitovu tu, jamani, vile vitovu tu, avizike upya mahali pengine, watoto wake wapate kwao. Chaku chaku chaku. Lakini udongo umekuwa uji, na uji hauna alama. Alitoka na viganja viwili vya tope, akavitazama, akavimwaga. Alilia, na safari hii hakumfinya mtu na hakuna aliyemwitikia.

Akarudi majanini, akambeba kitinda mimba, wengine wakimfuata, akaanza kupanda mteremko. Njiani akakutana na Korongo, ubao kwapani, anawahi mtaa mwingine.

"Mama Kuchakuro!" akasema Korongo, ko-ko-ko. "Ile mbinu yako ya matanga! Wazo zuri sana! Watu wote walishiriki, hata Mheshimiwa. Hujawahi kufikiria kuwa mwezeshaji? Mtaa ninaokwenda, nao umekufa."

Kuchakuro alikuwa na mtoto mdomoni, hakuweza kumjibu.

Haya. Hadithi hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba umoja ni nguvu. Ukiitwa kutoa maoni, wahi, kaa mbele, sema kwa sauti, kwa maana mkubwa husikia na neno la mnyonge halipotei. Mbona mnanitazama hivyo? Ndivyo nilivyoambiwa niwaambie.

Hadithi yangu imefika ilipofika, nami naishia nayo hapo. Ikiwa tamu, ni yetu sote. Ikiwa chungu, msinigongee mlango kesho kulalamika: uchungu wenu umejumuishwa.