Mtoto wa Kiboko Juu ya Mti

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kinyonge, mmenyimwa chai? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya. Nanyi wazazi mlioko nyuma, msijifanye mmesinzia.

Kulikuwa na Kiboko, baba yake Chubwi. Shule ya Mwalimu Twiga ilikuwa imebakiza nafasi moja tu, na nafasi hiyo Kiboko aliitaka kufa na kupona. Twiga alipenda watoto wenye vipaji vingi. Basi Chubwi asubuhi ngoma, mchana kuimba, jioni kupanda mti. Anapanda, anaanguka, pu! Baba anasema, "Tena!" Anapanda, anaanguka, pu! "Tena!"

Mwalimu wa kupanda alikuwa Kindi, ambaye naye alikuwa na mwana wa kwenda shule.

"Siku ya usaili mwanao abaki nyumbani," Kiboko alimwambia. "La sivyo mti wako naung'oa!"

"Sawa, mzee wangu," Kindi akajibu, mkia unamcheza.

Usaili ukakaribia, Chubwi hata shina hajalipanda. Kiboko jasho linamtoka. Kindi akamnong'oneza:

"Twiga macho yake yako juu. Jifiche kichakani chini ya mti wangu, mwinue mwanao kichwani. Atadhani amepanda. Ila usitikisike, mzee. Usikohoe."

Twiga akafika. "Loo! Mtoto wa kiboko juu ya mti!" Makofi pa-pa-pa! Kiboko huko kichakani moyo ukamjaa. Mara nyee, nyee, nyee. Siafu! Wa miguuni, wa tumboni, wa kule nisikokutaja. Akajikaza, akajikaza, kisha, "Yalaaa!" Chubwi chini, pu! Baba naye huyo nje, majani kichwani.

Wanyama wakashika mbavu kwa kucheka. Twiga hakucheka. Akamwinamia mtoto.

"Pole, mwanangu. Hebu niambie, wewe mwenyewe unapenda nini?"

Chubwi akamgeukia baba yake. "Baba, mimi napenda nini?"

Kiboko akafungua kinywa chake kile kikubwa, akakifumba. Hakujua. Siafu walikuwa bado wanamng'ata, lakini hakuwasikia tena kwa aibu. Akarudi bwawani, akazama, akabakiza pua tu. Hata leo mchana humwoni.

Na mwana wa Kindi? Alibaki nyumbani kama alivyoamriwa, kule juu ya mti ule ule, akiruka matawi. Twiga akainua macho, akamwona, akamchukua.

Ngano yangu imefika mwisho, nami nimechoka. Funzo lake? Wazazi, kabla ya usaili, kagueni siafu.