Bangili za Nyanjura

Paukwa!

Pakawa!

Kwani hamjala? Semeni kwa sauti! Paukwa!

Pakawa!

Eeh, hivyo. Hapo zamani za kale, samaki walipokuwa bado wanasema, palikuwa na kijana Bwire na mkewe Nyanjura, kando ya ziwa. Ndoa yao ilikuwa mbichi kabisa. Na kwao ilikuwa hivi: mama mkwe akija mara ya kwanza, mume wa binti amlishe kichwa cha sangara aliyemvua mwenyewe. Akikosa, mama anaondoka na binti yake. Hakuna mjadala.

Siku hiyo mama mkwe alikuwa njiani. Nyanjura akashika kasia, Bwire akaburuta mshipi nyuma ya mtumbwi, na mwishoni chambo cha unyoya mweupe. Wakapita, wakarudi, wakapita tena. Chambo kikawa kinarukaruka juu ya maji. Huko chini sangara mkubwa akapiga mwayo.

"Nani huyo anakimbia juu ya paa langu?"

Mnandi, yule ndege mweusi mpiga mbizi, akacheka mpaka akakohoa. "We Bwire! Jua likiwaka sangara hushuka chini. Chambo chako chepesi, kitie uzito!"

"Mawe tumeyasahau nyumbani," akasema Bwire, karibu alie.

Nyanjura akatazama mkono wake. Alikuwa na bangili tatu za shaba, alizovishwa na mama yake siku ya harusi. Mke wa kule akionekana mkono mtupu, watu wanajua ndoa imekufa. Akavua moja. "Funga!"

Unyoya ukazama kidogo. Sangara akasema, "Sasa anapita dirishani. Sinyanyuki mimi."

Akavua zote. "Funga!" Chambo kikashuka moja kwa moja, kikanasa kwenye mwamba. Bwire akavuta.

"Usivute!" akapiga kelele Nyanjura. "Mshipi ukikatika nimekwisha! Mnandi, ndugu yangu, tusaidie!"

"Mkimpata samaki, matumbo yake yangu?"

"Yako yote!"

Mnandi akazama. Jamani, Nyanjura aliogopa mpaka kasia likamponyoka. Ndipo mnandi akaibuka: "Haya, vuta." Bangili zote zikarudi.

"Tatu nyingi, moja haitoshi," akasema Nyanjura, akavaa moja. "Funga mbili, nami nitapiga kasia taratibu, chambo kisipande."

Chambo kikapita polepole, puani kabisa kwa sangara.

"Mpaka chumbani, bila hodi?" akafoka sangara. "Huu ni utovu wa adabu!" Akafungua kinywa akiume. Kwisha habari yake!

Ufukweni mama mkwe alikwisha fika, mikono kiunoni. Akautazama mkono wa bintiye.

"Bangili mbili ziko wapi?"

Bwire akainamisha macho, kama inavyompasa mkwe, akamwinua yule sangara. Mshipi ulikuwa unaning'inia mdomoni, na bangili mbili juu yake.

Kichwa kikapikwa, mama akakila, akalamba vidole. Kisha akavua bangili yake mwenyewe, nene, yenye uzito wa zile mbili, akaiweka mbele ya Bwire.

"Hii ya mshipi wako, baba. Mikono ya mwanangu iache."

Hadithi yangu imeishia hapo. Mnandi alikula matumbo yake, nami niacheni nikalale.