Bunduki ya Upepo na Jina la Mtoto

Nipeni masikio yenu, maana mwisho wa kisa hiki nitawapa kazi ya kuhukumu, nayo si nyepesi.

Huko Taita, chini ya mlima Vuria, aliishi mkulima jina lake Wakesho. Watu watatu walikuwa karibu naye, kila mmoja na alichojaliwa. Kaka yake Righa, aliyefanya kazi Uturuki, alijaliwa mkono mwepesi wa kutoa: ukimwambia una kiu, atakuchimbia kisima kabla hajauliza kiwanja ni cha nani. Wifi yake Mkamburi alijaliwa moyo usiotetemeka mbele ya mkubwa yeyote. Binamu yake Mwandoe, wakala wa forodha kule Mombasa, alijaliwa kuzijua sheria za bandari.

Wakesho mwenyewe alikuwa mwoga. Akisikia gari la polisi barabarani, huingia ndani na kufunga mlango.

Mwaka huo nyani waliyavamia mahindi yake. Alikuwa na mimba kubwa, na mumewe, dereva wa lori, yuko safarini Kongo. Akamlalamikia kaka yake kwa simu. Righa alikwenda dukani akanunua bunduki ya upepo, ile isukumayo kirisasi kwa hewa tu, akaifunga kwenye sanduku. Juu akaandika "vifaa vya shamba", pamoja na jina la dada yake, akalituma kwa meli. Hakumwarifu. Alitaka kumfurahisha ghafla.

Basi Wakesho alipoitwa bandarini akachukue mzigo, alidhani ni nguo za mtoto. Alifuatana na Mkamburi, wakaahidiana na Mwandoe wakutane huko. Alipoingia ofisini alikuta sanduku limekwisha kufunguliwa, na askari wawili wamesimama kando yake.

"Hii ni yako?" afisa aliuliza.

Wakesho alikitazama kile chuma cheusi. Afisa akaendelea.

"Mama, kwetu sheria haiulizi kama inatumia baruti au upepo. Bunduki ni bunduki. Unaomba kibali kwanza, ndipo unaagiza. Halafu hapa juu pameandikwa vifaa vya shamba. Huko ni kuficha, na hiyo ni kesi ya pili." Akamsogezea karatasi. "Tia sahihi kwamba umeupokea mzigo wako."

Mtoto akajigeuza tumboni. Wakesho akaishika kalamu, kwa kuwa mwoga hutii upesi.

"Usitie sahihi, dada," Mwandoe alisema kutoka mlangoni. "Ukitia, bunduki imekuwa yako na kesi zake zote. Usipotia, watabaki kumtafuta aliyeituma."

Afisa akamgeukia taratibu. "Wewe wakala, unakumbuka leseni yako inatoka wapi?"

Jasho lilimtiririka Mwandoe shingoni. "Nakumbuka, afande. Dada, usitie sahihi."

Wakesho akaiweka kalamu chini.

Hata hivyo hawakumwachilia. Walimpeleka kituoni ahojiwe, na mlango wa seli ulipofunguliwa, harufu mbaya ikampiga usoni. Tumbo likambana kabla ya wakati wake. Akashika ukuta asianguke. Mkamburi akapita mbele, akasimama kati yake na ule mlango.

"Huyu hatazalia kwenye sakafu hii," alimwambia mkuu wa kituo. "Apelekwe hospitali. Mimi nasimama mdhamini wake. Akitoroka, nifungeni mimi."

"Unajua unachosema, mama?"

"Najua. Niandike."

Alisema hivyo na nyumbani ameacha watoto wanne, wa mwisho hajaachishwa ziwa.

Hospitali uchungu ulitulia, lakini Wakesho hakutulia. Kila kishindo cha kiatu ukumbini kilimwinua kitandani. Kesi ilikuwa bado inamngoja, kwani jina juu ya sanduku lilikuwa lake.

Habari zikamfikia Righa. Rafiki zake wakamsihi abaki huko huko, ambako mkono wa sheria haumfikii. Akaacha kazi, akapanda ndege. Pale uwanjani aliposhuka, alimwendea askari wa kwanza aliyemwona.

"Bunduki ile ni yangu," alisema. "Uongo ulioandikwa juu ya sanduku nao ni wangu. Dada yangu hakujua lolote."

Wakamtia pingu. Kesi ya Wakesho ikafutwa, bunduki ikataifishwa, naye Righa yuko rumande hadi leo akingoja hukumu.

Wakesho akajifungua mtoto wa kike, mzima. Mumewe, Mwakio, aliporudi alimbeba mtoto, akasikiliza kisa chote bila kumkatiza.

"Nusura azaliwe kifungoni," alisema. "Basi jina sitampa mimi. Atampa aliyewaokoa. Nitajie, ni nani?"

Wakesho akawahesabu mmoja mmoja. Bila Mwandoe, angejifunga kwa mkono wake mwenyewe. Bila Mkamburi, mtoto angezaliwa seli, au asingezaliwa hai. Bila Righa, kesi ingalikuwa shingoni mwake; lakini bila Righa huyo huyo, kesi yenyewe isingekuwapo. Ile hofu aliyodhani ameiacha Mombasa ikamrudia, maana kumtaja mmoja ni kuwajeruhi wawili.

"Nitajie," mumewe alirudia, kwa upole.

Ndugu zangu, hata sasa mtoto hana jina. Yupo aliyemzuia Wakesho asijifunge kwa sahihi yake, yupo aliyekubali kufungwa badala yake, na yupo aliyefungwa kweli. Je, ungekuwa wewe Wakesho, ungemtaja nani?