Kompyuta ya Makaburini

Ndugu zangu, palikuwa na fundi mmoja wa kompyuta, mtu hodari, si mlevi wala si mwizi. Nalisema hilo mapema, maana nawajua: mngeshaanza kutazamana na kufikiri huyo ni mtu mwingine, si wewe na mimi.

Siku moja aliitwa kwenye ofisi ya makaburi. Karani wa pale alikuwa mama mtu mzima. Misalaba ya miti kule nje ilikwisha kuliwa na mchwa, na sasa mchwa walikuwa wameingia kwenye kitabu chake cha marehemu. Basi akayaingiza majina yote kwenye kompyuta, zile za zamani zenye skrini ya chogo: nani amelala wapi, safu gani, namba gani. Mnaelewa? Nje kulikuwa na matuta ya udongo tu. Kompyuta ikisahau, hakuna mwingine wa kukumbuka.

Nayo ilikuwa inakwamakwama kwa uhaba wa memori. Fundi akaifungua, akaona bodi yake inataka memori ya sitini. Kwenye begi alikuwa na ya sabini. Hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu wengi wetu tungeteleza. Namba hiyo si nguvu. Ni muda ambao memori inauhitaji ili ijibu ikiulizwa. Ya sabini inachelewa kuliko ya sitini. Na bodi ya namna ile haingoji. Muda wake ukifika inachukua jibu, liwe tayari au lisiwe.

Fundi alilijua hilo. Lakini ya sitini ilikuwa mpaka aifuate mjini. Akachomeka ya sabini. Kompyuta ikawaka, memori yote ikahesabiwa.

Karani alikuwa amemsikia akizitaja namba hizo, akafurahi. "Ilitakiwa sitini, nawe umetuwekea sabini? Si ndiyo kubwa zaidi hiyo?"

"Ndiyo, mama," fundi akasema. "Kubwa zaidi."

Akafunga begi, akaenda zake.

Laiti ingezimika siku ile! Haikuzimika. Ilifanya kazi vizuri tu, ila mara mojamoja bodi ilichukua jibu la memori kabla halijawa tayari, na tarakimu au herufi moja ikageuka. Karani alipohifadhi orodha, kosa likahifadhiwa humo humo. Mwanamume mmoja alikuja kupalilia kaburi la mkewe, akaonyeshwa safu ya nne. Mwezi uliofuata akaonyeshwa ya sita. Akapalilia, akapiga magoti, akalia. Alimlilia nani? Wachimbaji nao walichimba mahali palipoandikwa kuwa ni wazi, jembe likagonga ubao. Wakafukia, wakaenda kuchimba kwingine. Karani aliona haya kuuliza, akadhani ni uzee wake. Na kile kitabu, mchwa walikuwa wamekimaliza.

Ndipo asubuhi moja fundi akarudi bila kuitwa, amebeba msalaba wa chuma. Shangazi aliyemlea alikuwa mahututi, na wiki ile alimfunulia jambo alilolificha miaka yote: mama yako mzazi amelala kwenye makaburi yale, nenda kamwekee alama.

Karani akaandika jina. Safu ya tatu. Wakaenda, wakakuta tuta fupi, la mtoto mchanga. Wakarudi, wakauliza tena. Safu ya saba. Kule palikuwa na mwamba mtupu, hapajawahi kuchimbwa. Wakauliza mara ya tatu, kompyuta ikasema hakuna mtu wa jina hilo.

"Pole, mwanangu," karani akasema. "Labda shangazi amechanganya. Kompyuta hii uliitengeneza mwenyewe."

Jasho likamtoka. Akakimbia mjini, akaleta memori ya sitini, akaibadilisha. Kompyuta ikawa nzima kabisa. Akaandika jina la mama yake. Ikajibu papo hapo: hakuna mtu wa jina hilo. Akauliza tena na tena, jibu ni hilo hilo. Sasa ilikuwa inakumbuka vizuri, na kilichokuwa kimebaki humo cha kukumbuka ni uongo.

Msalaba ule aliusimika wapi? Sijui, ndugu zangu. Naogopa kufikiri.

Sisi tunapenda kusema, nitatubu, mambo yatakaa sawa. Ni kweli Mungu anasamehe, wala sitamnyima mtu tumaini hilo. Lakini lile neno ulilomwambia mwenzako huku unajua si kweli, haliketi likingoja toba yako. Linaandikwa katika maisha yake. Anajenga juu yake, analea watoto juu yake, analililia. Utakuja kutengenezeka wewe, na yeye ataendelea kupiga magoti kwenye kaburi la mtu asiyemjua.

Yuko mtu humu ndani aliyesema "ndiyo" wiki hii, na moyo wake ulijua ni hapana. Mimi nanyamaza sasa. Usiniangalie mimi. Inuka, toka nje, umpigie simu, ibada itakungoja.