Kiti cha Nyuma na Vyuma vya Hemedi

Hapo zamani, si ile ya wanyama kusema bali hii yetu ya lami na petroli, mwanamke mmoja, Bi. Saumu, aliuliza swali ndani ya gereji huko Korogwe.

"Mnalirudisha hadi lini?"

Abushiri, mwanawe wa kambo, alikuwa anapima mlango wa gari kwa futi. Fundi Singano alikuwa ameinamia injini, kichwa chote kimezama. Na Mwanamvua, binti yake wa kumzaa, alicheka tu. "Mama nawe! Watu husema hadi wapi, siyo hadi lini."

Macho ya Bi. Saumu yalikuwa yameingia ukungu. Akanyoosha mkono, akaligusa gari, akaurudisha mkono mapajani.

Lilikuwa gari dogo la mbio, milango miwili, boneti ndefu kama uso wa farasi. Marehemu Hemedi, mume wa Bi. Saumu, alilinunua jipya, jeupe pe, kabla hajamjua Bi. Saumu. Siku hizo mke wake wa kwanza, Bi. Mwajabu, alikaa mbele, na mtoto wao Abushiri, hajang'oa hata jino, alikaa nyuma. Bi. Mwajabu akafa. Hemedi akaomboleza, kisha akaoa tena, na safari hii akaoa mwanamke asiyeogopa mwendo. Wakaingia mashindano ya magari, Hemedi kwenye usukani, Bi. Saumu kando yake akisoma ramani. Gari likapakwa rangi ya chungwa. Dashibodi ikatobolewa ili saa ya mashindano ipate pa kukaa. Puani zikaongezwa taa nne. Na ndani, kutoka sakafuni hadi paani, Fundi Singano akachomelea vyuma vinene, ili gari likipinduka paa lisiwafunike waliomo.

Hemedi alipokaribia kufa, ufunguo alimpa Mwanamvua, kitinda mimba wake. "Gari ni lako," alimwambia, na sababu akaenda nayo kaburini. Gari likalala chini ya turubai miaka mingi, kutu ikala sakafu.

Basi wakatokea watatu, wakalifufua.

Bi. Saumu ndiye aliyelilinda. Wanunuzi wa chuma chakavu walikuja mlangoni wakati nyumbani hakuna hata unga, akawafukuza kwa mwiko. Abushiri ndiye aliyelitafutia viungo. Alizunguka kila yadi mpaka akalipata la aina ile ile lililokufa, akachukua dashibodi nzima isiyo na tundu na mlango usio na kutu. Fundi Singano ndiye aliyelipa roho. Aliifungua injini iliyoshikana, akaibembeleza, ikakohoa, ikanguruma.

Iliponguruma, Bi. Saumu alishika ukingo wa dirisha, machozi yakamtoka kimya kimya.

Hapo Abushiri akachukua msumeno wa chuma. "Sasa tukate vyuma, turudishe asili."

"Asili ipi?" Mwanamvua akamrukia. "Kaka, mama yangu alikaa humu! Siku za kupokea vikombe, picha ilipigwa ya Baba, Mama akabaki nusu bega pembeni. Msoma ramani! Bila yeye Baba angeishia kwenye mashamba ya mkonge. Na leo hata chuma alichokishikilia unakiletea msumeno? Mtamfuta mara ngapi nyie wanaume?"

"Taratibu, binti Hemedi," Fundi Singano akasema. "Kwanza mnisikilize. Bati la sakafu limebaki karatasi. Nitalijenga mara moja tu, ama na vyuma, ama bila vyuma. Tukishakata, hakuna kuchomelea tena. Na vyuma vimepita palepale pa kiti cha nyuma. Viwili hivyo havikai pamoja."

Abushiri hakupandisha sauti. Laiti angepandisha, Mwanamvua angepata pa kumshikia.

"Mdogo wangu, unajua mimi nilikuwa nakaa wapi?"

"Wapi?"

"Nyuma ya mama yangu. Nilikuwa naweka kidevu begani pake. Picha yake sina. Sauti yake imenitoka. Kilichobaki ni kujua bega lake lilinifika hapa." Akagusa chini ya kidevu, penye ndevu zilizoanza mvi. "Baba alipotaka vyuma, kiti changu kikatolewa. Nilitoka madrasa nikakikuta uani, kuku ametagia juu yake."

"Na yale mayai ulikula," Bi. Saumu akachomekea.

"Nilikula, mama mdogo. Uliyakaanga vizuri."

Wakacheka wote. "Nataka jeupe," Abushiri akasema, "lenye kiti cha nyuma. Nikae pale mara moja tu, nijue mama yangu alikuwa mbele yangu."

Mwanamvua akasema moyoni: hapo pana haki. Msumeno ukangoja.

Bi. Saumu akapapasa mpaka akakifikia chuma kilichopita kando ya kiti chake.

"Abu, mwanangu, sikuja kukutoa kitini. Lakini mimi sioni tena. Hata uso wa baba yenu unanipotea, nikiuita hauji. Nikikishika chuma hiki, kona zote za Mombo hadi Soni zinarudi mkononi, na yeye yuko kulia kwangu ananiambia, 'Haya, soma, mke wangu.' Pale Soni tulipinduka, magurudumu juu, na chuma hiki ndicho kilichotubeba. Nilikuwa na mimba yako, Mwanamvua, na mwenyewe nilikuwa sijajua. Nataka la rangi ya chungwa, lenye vyuma. Mnipandishe Soni mara moja. Mkivikata, nitalisikia likinguruma na sitajua niko wapi."

Mwanamvua akasema moyoni: hapo napo pana haki. Msumeno ukangoja.

Fundi Singano akajifuta mikono kwa kitambaa ambacho kilizidi kuichafua.

"Shemeji, Abushiri, na mimi nina langu. Kazi ya fundi huondoka na mwenye gari. Nimenyoosha mabati ya nusu ya wilaya hii, na leo hakuna hata moja la kumwonyesha mjukuu wangu. Hili tu ndilo limebaki. Matundu haya ni ya mkono wangu. Mbonyeo huu ni wa Soni. Hapa nyuma, alama za miguu ya kiti bado zipo. Mkilipaka jeupe mtakuwa na gari la dukani. Mkilipaka chungwa jipya mtakuwa na gari la maonyesho. Liacheni lilivyo, na kutu yake. Lisiende popote. Lingurume tu, na atakayekuja aone yote yaliyolipata."

"Kwa hiyo Mama asipande Soni?" Mwanamvua akauliza.

"Asipande."

"Na Kaka asipate kiti?"

"Asipate. Lakini na hizo alama asizipoteze."

Mwanamvua akasema moyoni: hata hapo pana haki. Msumeno ukangoja.

Wote watatu wakamgeukia mwenye ufunguo. Asubuhi alikuja na hoja kali zimepangana kama meno, na sasa akawa anaugeuzageuza ufunguo kiganjani. Vyuma vilivyomleta yeye duniani ndivyo vilivyomtoa kaka yake nyuma ya mama yake. Akivibakiza, anajitetea mwenyewe. Akivikata, anamkata mama yake. Akiliacha kama lilivyo, wawili wanabaki na kiu yao na gari liko mbele yao.

Je, nani alistahili kutimiziwa haja yake: aliyelilinda kwa njaa, aliyelitafutia viungo, au aliyelipa roho? Msiniambie wagawane, maana gari haligawanyiki. Msiniambie aamue mama kwa kuwa ni mama, maana Abushiri naye alikuwa na mama. Nawaombeni, mmoja wenu ajibu, na aseme kwa nini.