Kesi ya Mgomba wa Kokuhirwa

Nilipita huko, nikaona! Na ninyi semeni: "Ona, nasi tuone!" Wewe, meza hiyo ndizi kwanza ndipo useme.

Hapo kale, mvua ilipokuwa bado inapiga hodi kabla ya kunyesha, katika nchi yetu hii ya migomba aliishi mjane jina lake Kokuhirwa. Alikuwa na kibanja kimoja tu, shamba dogo la migomba lililozunguka nyumba yake, na hicho ndicho kilichomlisha yeye na wanawe. Jirani yake aliitwa Rwekaza. Ng'ombe alikuwa nao tele, lakini tamaa yake kubwa ilikuwa kile kibanja.

Basi mfalme, ambaye watu walimwita Mukama, akatoa amri: atakayekata mti bila ruhusa atanyang'anywa shamba. Watu wakatii. Kokuhirwa naye akatii. Lakini mkungu wake ulipokomaa, akaukata mgomba, kama tunavyofanya sote, maana mgomba ukishazaa hauzai tena. Rwekaza akachungulia uani. Akakimbia, akakimbia, akakimbia mpaka barazani.

"Mukama wangu, yule mama kakata mti!"

Jamani, kuna watu wana roho mbaya! Mama wa watu akaitwa. Akaja, kipande cha mgomba begani.

"Mukama wangu, huu si mti," akasema. "Mti una ubao ndani. Tazama."

Akabandua gamba la kwanza. Akabandua la pili. Akabandua, akabandua, gamba ndani ya gamba, maji yanamchuruzika mikononi, mpaka akabaki hana kitu.

"Umeona? Ni majani yaliyokumbatiana tu. Shina lenyewe limejificha udongoni."

Mfalme akacheka. "Kumbe mgomba ni jani! Nenda nyumbani, mama."

Mnapiga makofi? Ngojeni kwanza! Rwekaza huyo akainuka.

"Vyema, Mukama wangu. Majani ya nchi hii ni malisho ya ng'ombe wote. Kesho nawaingiza wangu kwake."

Kila mtu barazani akawaza shamba lake mwenyewe. Kokuhirwa alijawa na hofu, lakini aliwakumbuka wanawe, akapata sauti.

"Mukama wangu, majani ya mbugani yanajiotea. Mgomba niliupanda kwa mkono wangu. Pale penye shina moja yupo mama, yupo mtoto, yupo mjukuu. Mama akizaa mkungu wake anaondoka, mtoto anashika nafasi. Huo ni ukoo. Tangu lini ng'ombe akalishwa ukoo wa mtu?"

Mfalme akaitikia kwa kichwa taratibu, akaamua: "Mgomba si mti, wala si malisho. Mgomba una ukoo wake peke yake. Mwenye nao aukate apendavyo, na mwenye ng'ombe awachunge mbali."

Shangwe! Kokuhirwa akarudi kwa wanawe, akapika, wakala wakashiba. Rwekaza naye akarudi kwake amenuna. Akamkuta mkewe kibanjani mwao, panga mkononi, mgomba umelala chini.

"Mbona umenuna, baba?" mkewe akauliza. "Huu umeshazaa, nimeukata tangu asubuhi."

Rwekaza akakaa chini palepale. Akaona jinsi alivyotaka kujinyang'anya shamba lake mwenyewe.

Basi wanangu, kitu usikihukumu kwa urefu wake. Kibandue kwanza uone kilichomo.

Niliwaacha wakimenya ndizi, nikarudi kuwasimulia. Haya, kila mtu achukue kisu, tumenye zetu.